Ngazi ya Soka la Bara: Timu Inapandaje, Inashukaje, na Inawezaje Kuhama Bila Kufungwa

Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilifika Ubaruku, wilayani Mbarali, ikiwa imecheza mechi 49 za Ligi Kuu bila kupoteza. Iliondoka na kichapo cha 2-1 kutoka kwa Ihefu, Mbogo Maji, timu iliyobeba jina la bonde oevu la Usangu. Sasa chukua msimamo wa Ligi Kuu wa msimu wa 2024/25 uitafute Ihefu. Haipo. Itafute Championship, nako haipo. Na haikushuka daraja.

Ukiuliza vijiweni Mwanjelwa, jijini Mbeya, utaambiwa "iliuzwa", na mazungumzo yanahamia kwingine. Jibu hilo si la uongo, ila halimsaidii anayetaka kujua inakuwaje timu inauzwa na nafasi yake ya ligi inakwenda nayo mkoa mwingine, wakati timu ya Kyela au Ludewa ikiitaka nafasi hiyohiyo inabidi ihangaike miaka na miaka. Ukweli ni kwamba huko juu kuna njia tatu za kuingia na kutoka: matokeo ya msimu, mtoano wa mwisho wa msimu, na karatasi. Nyanda za Juu Kusini tumezionja zote tatu ndani ya miaka michache, kwa hiyo hatuhitaji kuazima mifano ya Ulaya.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi hupotelea. Juu kabisa kuna Ligi Kuu Tanzania Bara, yenye timu 16. Chini yake ni Championship, ambayo zamani ilikuwa Ligi Daraja la Kwanza na watu wazima wengi bado wanaiita hivyo. Inafuata First League, yaani lile Daraja la Pili la zamani. Ngazi hizo tatu zinaendeshwa na Bodi ya Ligi. Kisha kuna Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambayo inaitwa ligi lakini ni mashindano mafupi ya kuvukia. Chini yake ni ligi ya mkoa, yaani daraja la tatu, na chini kabisa ni ligi ya wilaya, daraja la nne. Hizi za chini ni za vyama vya soka vya wilaya na mikoa. Kwa Mbeya chama cha mkoa ni MREFA, na vyote viko chini ya TFF, shirikisho la soka la taifa. Zanzibar wana shirikisho lao na Ligi Kuu yao, kwa hiyo ngazi ninayoieleza hapa ni ya Bara tu.

Timu ya mtaani inaanzia wilayani, na hapo ndipo vijana wengi wanakosea hesabu. Mashindano ya kugombea mbuzi au ng'ombe, yale ya ndondo ambayo hujaza watu kuliko ligi ya wilaya yenyewe, hayamo kwenye ngazi hii. Timu inaweza kuchinja ng'ombe wa ubingwa kila mwaka na isipande hata nusu daraja. Ili ihesabike lazima iwe klabu yenye katiba, iliyoandikishwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo, iwe mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, ilipe ada ya ushiriki na isajili wachezaji wake. Ukishakamilisha hayo ndipo unapangiwa ratiba.

Soka la wilayani lina sura yake. Uwanja ni wa shule au wa kijiji, mistari imechorwa kwa chokaa, na kule Mafinga chokaa ikikosekana, maranda ya mbao yapo. Kabla ya mpira kuanza kuna jambo ambalo mtazamaji wa Ligi Kuu halioni kwenye televisheni. Wachezaji wanapangwa mstari, kamisaa, yaani msimamizi wa mechi, anashika kadi za usajili, anasoma jina, mwenye jina anajibu, uso unalinganishwa na picha. Viongozi wa timu pinzani wamesimama pembeni wakikodoa macho. Hapo ndipo mamluki hunaswa: yule winga aliyecheza jana kwa jina lingine wilaya nyingine, au yule mchezaji wa timu ya juu aliyekuja "kusaidia nyumbani". Akipita hapo, bado kuna rufaa. Timu nyingi za mikoani zimepanda au kukwama kwa pointi tatu na mabao matatu ya mezani, na kiongozi anayejua kanuni ana thamani ya mshambuliaji mmoja. Sisemi hili kwa kejeli. Katika daraja la tatu na la nne kusoma kanuni ni sehemu ya mchezo.

Timu bora za wilaya zinaingia ligi ya mkoa, na ligi ya mkoa inatoa bingwa. Hapa siasa za utawala zinaingia kwenye mpira bila hodi. Njombe ilipokatwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016, hatukupata wakuu wa mikoa wapya peke yao, tulipata pia mabingwa wapya wa mikoa. Zamani timu ya Vwawa au Tunduma ilipaswa kuzipita timu za Mbeya mjini, zenye makocha, viwanja na wafanyabiashara nyuma yake. Leo inatafuta ubingwa Songwe, na akitoka bingwa hapo ana hadhi sawa kabisa na bingwa wa Mbeya. Ndiyo maana si haki kupima ukali wa mabingwa wa mikoa kwa kipimo kimoja: mkoa mmoja unaweza kuwa na timu tano zinazostahili kwenda mbele, na mwingine moja ya kubahatisha, lakini tiketi ya ubingwa ni moja.

Kisha inakuja Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambayo kwangu ndiyo sehemu katili kuliko zote. Mabingwa wanagawanywa makundi, makundi yanapelekwa vituoni, mji fulani unapokea timu kadhaa, na mechi zinachezwa kwa kupishana siku chache tu. Timu iliyofanya kazi mwaka mzima, kuanzia viwanja vya shule, inapimwa kwa mechi chache ugenini ikiwa imelala kwenye nyumba ya wageni na kula kwa mama lishe. Kipa akiteguka kidole mechi ya kwanza, safari imekwisha. Wachache wanaopenya wanakwenda First League, waliobaki wanarudi mkoani kuanza upya, kwenye ligi ileile waliyokwisha kuishinda.

Sababu ya kufanya hivyo ni pesa, wala hakuna njama. Ligi ya nyumbani na ugenini kwa mabingwa wa Bara nzima ingemtaka bingwa wa Rukwa asafiri hadi Mara na Lindi kwa nauli ya michango. Kituo kinapunguza gharama. Lakini matokeo yake ni kwamba ngazi yetu imeungwa kutoka vipande viwili visivyofanana: chini kuna mashindano ya muda mfupi ambayo bahati ina kura, juu kuna ligi ndefu ambayo mwenye kikosi kipana na mfuko mzito humaliza juu. Timu iliyojengwa kushinda ya kwanza si lazima iweze ya pili.

First League nayo huchezwa kwa makundi, na sitakaa hapo. Tofauti kubwa inaonekana Championship. Timu ni 16, kila moja inacheza mechi 30, na safari ni zilezile za Ligi Kuu ila mapato siyo. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa haki za televisheni za Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hatua moja kutoka Championship kwenda Ligi Kuu ni hatua ya kuingia kwenye mgawo huo, ndiyo maana mechi za mwisho wa msimu wa Championship huchezwa kwa hasira kuliko fainali za vikombe. Wa kwanza na wa pili wanapanda moja kwa moja. Wa tatu na wa nne wanabaki na mlango wa mtoano.

Mtoano huo ndio unaoulizwa sana, kwa hiyo niueleze taratibu. Ligi Kuu ikiisha, aliyeshika nafasi ya 15 na ya 16 wameshuka, hakuna mjadala. Wa 13 na wa 14 wanacheza wao kwa wao mechi mbili, nyumbani na ugenini. Mshindi amebaki Ligi Kuu, anakwenda likizo. Aliyeshindwa hajashuka bado. Wakati huohuo, huko Championship wa tatu na wa nne nao wamepambana. Mshindi wa huko anakutana na yule aliyeshindwa wa Ligi Kuu, tena mechi mbili, na hapo ndipo nafasi ya mwisho inapatikana.

Kwa hiyo timu ya Ligi Kuu iliyoshika nafasi ya 13 au ya 14 ina nafasi mbili za kujiokoa, ilhali iliyoshika ya tatu Championship lazima ishinde mara mbili mfululizo. Mfumo unambeba aliye juu. Unaweza kuona ni uonevu, na mimi naona hivyo kidogo, lakini angalau hauna utata.

Mbeya tunaujua mtoano huo kwa pande zote. Msimu wa 2022/23 Mbeya City, Wagonga Nyundo, walitumbukia humo pamoja na KMC ya Kinondoni. KMC wakanusurika. Mbeya City wakabaki na kete ya pili, dhidi ya Mashujaa ya Kigoma iliyokuwa imetoka Championship, wakaipoteza pia. Kikosi kilichokuwa Ligi Kuu tangu 2013 kikaanza msimu uliofuata daraja la chini. Kilikaa huko misimu miwili, kikamaliza wa pili nyuma ya Mtibwa Sugar mwaka 2025 na kurudi. Mwaka huohuo wa 2025 ikawa zamu ya Tanzania Prisons kucheza mtoano. Wajelajela walipambana na Fountain Gate wakabaki. Fountain Gate ikaenda kete ya pili dhidi ya Stand United ya Shinyanga, nayo ikanusurika. Zote mbili zilizokuwa hatarini zimebaki, na Stand United, iliyokuwa imeshaitoa Geita Gold, haikupata kitu.

Kuna jambo lingine linaloamua nani ashuke ambalo halichezwi uwanjani kabisa, nalo ni idadi ya timu. Msimu wa 2017/18 Ligi Kuu ilikuwa na timu 16. Ilipoamuliwa ziwe 20, mwisho wa msimu huo zilishuka mbili tu, zikapanda sita. Waliokuwa wawili wa mkiani ni Majimaji ya Songea na Njombe Mji, zote za kwetu, na Njombe Mji ndiyo kwanza ilikuwa imecheza msimu mmoja. Kushuka mwaka ambao mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba hivyo ni mkosi wa aina yake.

Halafu idadi ikaanza kupunguzwa tena, kutoka 20 hadi 18, kisha 16, na mlango wa kutokea ukapanuka. Lipuli ya Iringa, Wanapaluhengo, walishuka mwisho wa 2019/20, msimu ambao timu nne ziliteremshwa moja kwa moja na ya tano, Mbao ya Mwanza, ikang'olewa kwenye mtoano. Aliyeing'oa Mbao ni Ihefu. Ihefu nayo ikashuka msimu mmoja baadaye, katika awamu ya pili ya kupunguza, pamoja na nyingine tatu. Timu inayopanda mwaka wa kupunguza inakuta ligi yenye mashimo mengi mkiani, na mara nyingi aliyepanda karibuni ndiye asiye na kikosi cha kuyakwepa. Ukitaka kumhukumu kocha aliyeshusha timu, tazama kwanza msimu ule ulishusha timu ngapi.

Ihefu ikapanda tena mwaka 2022. Miezi michache baadaye ndipo Yanga ilipokutana nayo Ubaruku. Mbeya ikawa na timu tatu kati ya 16: Mbeya City, Prisons na Ihefu. Msimu mmoja kabla zilikuwa tatu pia, kwa sababu Mbeya Kwanza ilikuwa imepanda, ikacheza mwaka mmoja na kushuka.

Sasa tuje kwenye karatasi. Nafasi ya kucheza Ligi Kuu ni mali ya klabu kama chombo kilichosajiliwa. Si mali ya mji, si ya mashabiki, wala si ya uwanja. Mbarali haikuwahi kuwa na nafasi Ligi Kuu; klabu iliyokuwa Mbarali ndiyo iliyokuwa nayo. Mmiliki akibadilika, na mamlaka za soka zikiridhia kubadili makao na jina, klabu inaondoka na pointi zake, mikataba ya wachezaji wake na kiti chake. Mwanzoni mwa 2024, katikati ya msimu, Ihefu ilihamishia mechi zake za nyumbani uwanja wa Liti, Singida. Msimu uliofuata ikaitwa Singida Black Stars. Mwaka 2025 klabu hiyo ilitwaa Kombe la Kagame, la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na kuingia Kombe la Shirikisho Afrika. Ukifuata karatasi kurudi nyuma, kiti inachokalia kilishinda ule mtoano dhidi ya Mbao kikiwa kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu.

Si Ihefu peke yake. Singida ilikuwa imeshapata timu kwa njia hiyo, DTB ilipogeuka Singida Big Stars mwaka 2022. Kitayosce ya Kilimanjaro ilipanda ikaitwa Tabora United, na mwaka 2025 ikabadilika tena kuwa TRA United. Kwa mwenye pesa hesabu ni rahisi: kujenga timu kutoka daraja la nne ni kazi ya miaka kadhaa hata ukipanda kila mwaka, na ile Ligi ya Mabingwa wa Mikoa inaweza kukurudisha mwanzo wakati wowote. Kununua ni kazi ya kipindi cha usajili. Mimi sioni kosa kwa mnunuzi anayefuata kanuni. Kosa ninaloliona ni kwamba mashabiki wa mji unaoachwa hawana hata kikao cha kusikilizwa.

Hili pia linaeleza kwa nini timu zinazodumu mikoani mara nyingi ni za taasisi. Prisons ni ya Magereza. JKT Tanzania na Mashujaa ni za jeshi. Mbeya City ilianzishwa na halmashauri ya jiji mwaka 2011, na Dodoma Jiji, Pamba Jiji na KMC nazo zina halmashauri nyuma yake. Taasisi haiuzi timu kirahisi, na mshahara wa mchezaji askari haukatiki timu ikishuka. Ina kasoro zake: bajeti ya mpira inashindania fedha na barabara na zahanati, na madiwani wakichoka timu inayumba. Lakini haiamki asubuhi ikajikuta Singida. Upande wa pili kuna timu za mtu au kampuni, ambazo hupanda haraka na kushuka haraka. KenGold ya Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, ilibeba ubingwa wa Championship mwaka 2024, na mwaka mmoja baadaye ilishika mkia Ligi Kuu na kurudi ilikotoka.

Nje ya ngazi hii kuna kombe moja ambalo halijali daraja, la Shirikisho, linalojulikana zaidi kama Kombe la FA. Humo timu za madaraja tofauti hukutanishwa, na bingwa wake anapata tiketi ya Afrika hata kama kwenye ligi alikuwa wa kumi. Lipuli waliifikia fainali yake mwaka 2019, pale Ilulu, Lindi, wakafungwa na Azam bao 1-0. Goli moja tu liliitenganisha Iringa na michuano ya Afrika.

Tiketi zenyewe za Afrika ndizo kilele cha ngazi, na idadi yake nayo haiko mikononi mwa timu inayozitafuta. Nchi 12 zenye pointi nyingi CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinapeleka timu nne, mbili Ligi ya Mabingwa Afrika na mbili Kombe la Shirikisho Afrika. Tanzania imo humo kwa sababu ya safari ndefu za Simba na Yanga: Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, Simba mwaka 2025. Pointi wanazokusanya wao zinafungua mlango kwa wa tatu na, mara nyingine, wa nne.

Haikuwa hivyo mwaka 2014. Azam walibeba ubingwa bila kufungwa, Yanga wakawa wa pili, na Mbeya City, katika msimu wao wa kwanza kabisa Ligi Kuu, wakawa wa tatu, juu ya Simba. Wakati huo nchi ilikuwa na nafasi mbili tu, zikachukuliwa na Azam na Yanga. Mbeya City walipelekwa Khartoum kwenye Kombe la Bonde la Mto Nile, mashindano ya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Nafasi ileile ya tatu, kwa kanuni za sasa, ni tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.